Mamba wa Turkey Point na Leseni ya Miaka Themanini

Kusini mwa jiji la Miami, katika jimbo la Florida nchini Marekani, penye ufuko wa ghuba ya Biscayne ambako mikoko husimama na mizizi yake ndani ya maji ya chumvi, pana mtambo wa umeme wa nyuklia uitwao Turkey Point, na kando ya mtambo huo imechimbwa mifereji mipana isiyo na kina kirefu, safu baada ya safu, ambayo lau ingeungwa ncha kwa ncha ingetimia urefu wa kilomita 270 hivi. Maji ya mifereji hiyo ni moto, na chumvi yake aghalabu hushinda ya bahari; wala hakuna aliyeichimba kwa nia ya kumpa mnyama yeyote maskani. Hata hivyo, humo ndimo anamoishi na kutaga mayai mamba wa Marekani, ambaye nusu karne iliyopita alikaribia kutoweka kabisa katika nchi ile, na ambaye leo, kila linapokuja shauri la kuhuisha leseni ya mtambo huo, hana budi kutajwa pamoja na mabomba na vinu.

Asili ya mifereji ni ugomvi wa joto. Mtambo wa nyuklia hupasua atomu za urani, joto la mpasuko huo likachemsha maji, mvuke ukaendesha mashine za umeme, kisha mvuke wenyewe hauna budi upozwe urudi kuwa maji; na katika mzunguko huo wote, takriban theluthi mbili ya joto lililozalishwa haligeuki umeme hata kidogo, bali hutafutiwa pa kutupwa. Kampuni ya Florida Power & Light ilikusudia kulitupa katika ghuba, lakini mwaka 1970 serikali ya Marekani ikaishtaki, kwa hoja kwamba maji ya moto yanaua majani ya bahari na kila kiumbe kinachopata riziki na hifadhi katika majani hayo, na mwaka 1971 pande mbili zikapatana kwamba maji yazungushwe miferejini mwa kampuni yenyewe hata yapoe, ndipo yarudi mtamboni. Vinu viwili vya nyuklia vikapata leseni, kimoja mwaka 1972 na kingine mwaka 1973, kila kimoja kwa miaka 40.

Wakati huo mamba wa Marekani alikuwa katika siku zake mbaya. Si mkali kama mamba wa Rufiji tunayemjua sisi. Ni mnyama mwenye haya, apendaye maji yaliyotulia baina ya mikoko na bahari, na hayo ndiyo maji ambayo wajenzi wa nyumba na hoteli za Florida waliyatamani kuliko yote. Alipoandikwa mwaka 1975 katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, Florida nzima ilikisiwa kuwa na mamba 200 hadi 300, na majike wenye kutaga walikuwa baina ya 10 na 20 tu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1978, dalili za kwanza za uzazi wa mamba zikaonekana miferejini mwa Turkey Point. Udongo uliochimbuliwa na kulundikwa baina ya mifereji ulikuwa umeinuka juu ya maji, mkavu na laini, nao ukamfaa jike achimbe shimo lake. Na kwa kuwa uwanja wa nyuklia hulindwa usiku na mchana, hapakuwa na mashua, wala wavuvi, wala mtembezi wa jioni na mbwa wake. Hofu ya binadamu kwa silaha na wizi ikamwekea mamba himaya ambayo huruma ya binadamu haikuwa imempa.

Lakini mamba mchanga ana udhaifu wake. Mzazi anaweza kustahimili chumvi, ilhali mtoto aliyetoka katika yai hawezi. Huhitaji maji matamu, na porini huyapata mvua inaponyesha, kwa sababu maji ya mvua, yakiwa mepesi, huelea kwa muda juu ya maji ya chumvi, naye huyanywa palepale juu. Katika mfereji wa Turkey Point rehema hiyo haitegemeki. Kwa hiyo wataalamu walioajiriwa na kampuni hutoka usiku wakati wa kiangazi cha kwao, baada ya mayai kukaa udongoni miezi mitatu hivi na mama kuwafukua wanawe, wakawaokota watoto wa mamba, wakawapima, wakawatia alama magambani na kidude kidogo cha utambulisho chini ya ngozi, kisha wakawapeleka kwenye vidimbwi vya maji yenye chumvi haba. Kazi hiyo imefanywa miaka mingi, na ni mojawapo ya sababu zilizofanya mwaka 2007 mamba wa Florida ashushwe daraja, kutoka walio hatarini kutoweka hadi wale ambao hatari yao ni ya mbali kidogo.

Hapa yafaa tueleze sheria, kwani bila ya sheria hakuna kampuni ambayo ingelipa mishahara ya kuokota watoto wa mamba gizani. Mwaka 1973 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Viumbe Walio Hatarini, na kifungu chake cha 7 kinaitaka kila idara ya serikali kuu, kabla ya kutenda jambo au kutoa idhini ya jambo, ihakikishe kwamba jambo hilo halitahatarisha kuwapo kwa kiumbe aliyeorodheshwa, wala kuharibu makazi yaliyotengwa kwa ajili yake. Ukali wa maneno haya ulijulikana mwaka 1978, pale Mahkama ya Juu ya nchi ile iliposimamisha bwawa la Tellico katika jimbo la Tennessee, bwawa lililokaribia kukamilika na kumeza mamilioni ya dola, kwa ajili ya samaki asiyezidi urefu wa kidole. Bunge baadaye lililitoa bwawa hilo katika hukumu ya sheria, nalo likajaa maji. Lakini fundisho lilikuwa limekwisha kuwaingia wakuu wa idara zote.

Leseni ya nyuklia hutolewa na Tume ya Kudhibiti Nyuklia, na kwa kuwa Tume ni idara ya serikali kuu, kifungu cha 7 kinaihusu. Miaka 40 ya mwanzo ilitokana na sheria ya mwaka 1954 na hesabu za mtaji na ushindani wa biashara, si na ushahidi wa kitaalamu kwamba chuma huchakaa katika mwaka wa 41. Ndiyo maana ikaruhusiwa kuiongeza miaka 20, na baada ya hiyo, 20 mingine. Ikiwadia saa ya kuiongeza, Tume haiwezi kujiamulia peke yake mintarafu ya wanyama. Hulazimika kushauriana na Idara ya Samaki na Wanyamapori kwa viumbe wa nchi kavu na maji baridi, na Idara ya Uvuvi wa Baharini kwa viumbe wa bahari. Na utaratibu huo una vituko vyake, maana kasa akiwa amepanda ufukoni kutaga yumo mikononi mwa idara moja, na akirudi majini amehamia mikononi mwa nyingine.

Mwisho wa mashauri hayo hutolewa waraka uitwao rai ya kibiolojia. Wengi hudhani kwamba waraka huo husema ndiyo au hapana, kumbe jawabu lake aghalabu ni hesabu. Husema kwamba mtambo, katika miaka itakayoongezwa, huenda ukadhuru wanyama kadha wa kadha bila ya kukusudia, na kwamba madhara hayo yataruhusiwa yasipovuka idadi iliyotajwa, kwa masharti ya kupunguza mwendo wa magari uwanjani, kukagua nyavu, kuandika kila mzoga na kutoa taarifa. Yako masikio yatakayochukizwa na ruhusa ya kuua iliyopigwa muhuri. Mimi nakiri kwamba mwanzo inatisha, lakini naiona kuwa sehemu yenye insafu kubwa kuliko zote za sheria hii: kampuni iliyoahidi kutomdhuru mnyama hata mmoja haitamhesabu aliyekufa, ilhali kampuni iliyopewa idadi hulazimika kuhesabu, na siku idadi inapopitwa mashauri hufunguliwa upya hata kama leseni bado ina miaka mingi.

Tazama mtambo wa St. Lucie, katika kisiwa cha Hutchinson, kaskazini zaidi katika pwani hiyohiyo ya Florida. Huo huvuta maji ya bahari kwa mabomba makubwa yenye vinywa mita 365 kutoka ufukoni, na kasa, ambao hupenda kujificha penye mapango ya miamba, huingia katika vinywa hivyo wakidhani wamepata hifadhi, wakajikuta wamechukuliwa na mkondo hadi kwenye mfereji wa ndani usio na njia ya kurudi. Tangu mtambo uanze kazi mwaka 1976 wameingia maelfu kwa maelfu. Nyavu zimezuia mfereji, na kila siku watu hushuka na mashua, wakawatoa kasa, wakawapima, wakawafunga kibati chenye namba kwenye pezi, wakawarudisha baharini, wengi wao wakiwa hai na wazima. Alhasili, mtambo unaowanasa kasa umekuwa mojawapo ya mahali walipochunguzwa kwa miaka mingi mfululizo kupita kwingi duniani.

Kasa hao si wageni kwetu. Kasa wa kawaida, ng'amba, duvi na noa wanaoingia mabombani kule ni wa aina zilezile zijulikanazo na wavuvi kuanzia Lamu hadi Mtwara. Na serikali ya Kenya ilipoitaja Uyombo, katika kaunti ya Kilifi, kuwa mahali panapofikiriwa kujengwa mtambo wa nyuklia, wakazi walipinga kwa nguvu, wakiutaja uvuvi wao, na hori ya Mida, na Watamu iliyo jirani ambako kasa hutaga. Atakayewajibu watu wa mwambao, mahali popote patakapochaguliwa, yafaa awe amekwisha kuuliza vinywa vya mabomba vitakaa wapi, na nani atashuka kila asubuhi kukagua nyavu.

Tukirudi Marekani, mitambo mingine haikupata usuluhishi kama wa Turkey Point na St. Lucie. Oyster Creek, katika jimbo la New Jersey, iliongezewa miaka 20 mwaka 2009, lakini jimbo lilipodai ijenge minara ya kupozea, wenye mtambo wakaona heri kuufunga, nao ukazimwa mwaka 2018. Indian Point, kando ya mto Hudson juu ya jiji la New York, ilikuwa ikivuta maji ya mto huo palepale wanapopita samaki wawili wa jamii ya kale wenye magamba ya mfupa, mmoja aliyeorodheshwa mwaka 1967 na mwenziwe mwaka 2012; rai ya kibiolojia ya mwaka 2013 iliona kwamba mtambo hautawamaliza, lakini jimbo lilikuwa na ugomvi wake kuhusu maji, na hofu yake kuhusu mamilioni ya wakazi wa karibu, na vinu viwili vya mwisho vikafungwa mwaka 2020 na 2021.

Turkey Point ndiyo iliyoendelea, na haikuendelea kwa amani. Vinu vilipoongezwa nguvu, na ukame ukaja, na mwani ukafunika maji, mifereji ikawa moto hata mwaka 2014 Tume ikakubali kupandisha kipimo cha joto la maji yanayoingia mtamboni kutoka nyuzi 38 za Selsiasi hadi 40. Chumvi ikapanda mno kupita ya bahari, mashimo ya mayai ya mamba yakapungua, na maji mazito ya chumvi yakazama chini ya mifereji na kujipenyeza kuelekea magharibi, ndani ya tabaka la maji ambalo watu wa Florida ya kusini hulinywa. Wapinzani walilaumu nguvu iliyoongezwa, kampuni ikalaumu ukame. Tiba iliyochukuliwa ilikuwa kuchota maji yenye chumvi kidogo kutoka tabaka la chini zaidi na kuyamimina miferejini humo, jambo linalofanywa hadi leo, na ambalo mamba walionyesha kulipokea vizuri, kwani uzazi wao ulirejea.

Katika hali hiyo kampuni iliomba, mwezi wa Januari 2018, miaka 20 ya pili, ili vinu vitimize umri wa miaka 80. Tume ilikubali Desemba 2019, Turkey Point ikawa ya kwanza Marekani kupata muda huo. Jumuiya za kuhifadhi mazingira, ikiwamo Miami Waterkeeper, hazikuridhika, na Februari 2022 Tume ileile ikatangua uamuzi wake, ikakiri kwamba tathmini iliyoegemewa iliandikwa kwa ajili ya nyongeza ya kwanza, wala haikufikiri maji, joto na wanyama watakuwaje baada ya mwaka wa sitini. Ilibidi tathmini iandikwe upya, na Septemba 2024 muda ukarejeshwa, hadi mwaka 2052 kwa kinu kimoja na 2053 kwa kingine.

Yamebaki mashauri ambayo hayajakaribia kwisha. Huko Florida nguva wa Marekani, nduguye nguva wetu wa Mafia na Lamu, wamezoea kukimbilia maji ya moto ya mitambo ya umeme wakati wa baridi, na Florida Power & Light ilipobomoa mtambo wake wa zamani wa Cape Canaveral mwaka 2010, mtambo usio wa nyuklia, ililazimika kufunga vyombo vya kupasha maji ili nguva wasife kabla mtambo mpya haujawashwa. Mamba wa Turkey Point nao wamezoea yao: lundo la udongo lililochimbuliwa na mashine, uzio wenye walinzi, kidimbwi cha maji matamu, na mtu mwenye tochi. Gharama ya haya yote, tangu pampu hadi tochi, hulipwa leo kwa fedha za umeme unaouzwa, na vinu vitakapozimwa umeme huo hautakuwapo, ilhali mamba walioanguliwa mwaka huu watakuwa wangali katika umri wa kutaga.