Kabla Hujaijaza Chupa ya Mkojo

Siku za soko katika miji yetu ya majani chai, kuanzia Litein hadi Bomet, usishangae kukuta meza yenye kompyuta na foleni ya watu wanaosubiri "kupimwa mwili mzima". Unashika kifimbo cha chuma dakika moja, karatasi inatoka: risasi iko juu, zebaki iko juu, kadimiamu iko juu. Dawa ya kuzitoa iko papo hapo mezani. Kifimbo hicho hakipimi metali yoyote. Maabara inayopima kweli huiunguza sampuli ya damu au mkojo kwa joto la maelfu ya nyuzi ili chembe za kila metali zitambulike na kuhesabiwa, na hata majibu yake hayasaidii kitu ikiwa aliyeomba kipimo hakujua anatafuta nini.

Ndiyo maana daktari anayeijua kazi yake huuliza kwanza: unashuku metali gani, na umeipatia wapi?

Kama hofu yako ni risasi, mkojo si mahali pa kuitafuta. Risasi hukaa katika chembe nyekundu za damu kwa wiki kadhaa, kisha huhamia mifupani na kutulia huko kwa miaka. Kinachopita kwenye mkojo ni kidogo na hakitabiriki. Kule Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kutia sumu mtaa mzima mwaka 2007, watoto walipimwa damu. Kesi ya wakazi wa mtaa huo, iliyopiganiwa na Phyllis Omido na wenzake, ilifika Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 ilirejesha fidia ya shilingi bilioni 1.3. Huku kwetu ningemuulizia fundi anayevunja betri nyuma ya karakana yake, na mama mjamzito anayetafuna odowa, kwa kuwa udongo wa kuliwa umekutwa na risasi mara nyingi. Wote wawili wapimwe damu. Shirika la Afya Duniani linasema ukikuta mikrogramu 5 kwa desilita moja ya damu, au zaidi, tafuta chanzo na ukiondoe.

Zebaki ndiyo inayofaa hasa kutafutwa kwenye mkojo. Kijana aliyetoka Lolgorien, ng'ambo ya mpaka wa Bomet na Narok, ambako wachimbaji wadogo huichanganya zebaki na mchanga wa dhahabu na kuichoma juu ya jiko, amevuta mvuke wake, na figo zitakuwa zikiitoa kwa miezi. Vivyo hivyo kwa mama anayejipaka krimu za kung'arisha ngozi. Krimu za zebaki zimepigwa marufuku Kenya tangu miaka ya 1990, lakini bado zinauzwa, nyingine bila kutaja zebaki kwenye kibandiko. Ila zebaki ya samaki ni aina nyingine. Ndiyo iliyowaangamiza wavuvi na jamaa zao Minamata, Japani, katika miaka ya 1950, nayo husomwa kwenye nywele au damu. Mkojo wa mgonjwa wa aina hiyo unaweza kuonekana safi kabisa.

Aseniki haikai: ndani ya siku chache imeshatoka. Zamani ilitumika kwenye majosho ya ng'ombe kuua kupe, kwa hiyo kisima kilichochimbwa karibu na josho la enzi za walowezi ningekitilia shaka, na ningeyapima maji kabla ya kumpima mtu. Tena mtu huyo asiwe amerudi juzi kutoka Mombasa alikokula pweza na kamba. Viumbe wa baharini wana aseniki isiyo na madhara, ambayo hupandisha namba kiasi cha kumtia mtu hofu ya bure. Asubiri siku nne bila vyakula hivyo. Kadimiamu ni kinyume chake: hulimbikizana kwenye figo kwa miongo, na mtu anayeibeba kwa wingi mara nyingi ni mvuta sigara.

Na chai yenyewe, ambayo ndiyo swali la kila mtu hapa? Mchai hupenda udongo wetu mwekundu wenye asidi, na katika udongo wa namna hiyo hufyonza alumini na manganizi kwa wingi. Lakini alumini hujazana kwenye majani makuukuu, ilhali kinachokwenda kiwandani ni majani mawili na chipukizi. Sehemu kubwa ya iliyomo hubaki kwenye makapi ya chujio, na kidogo kinachoingia mwilini figo zenye afya hukitoa. Sioni sababu ya mchuma chai kulipia kipimo cha metali kwa ajili ya kikombe chake. Dawa ya magugu ni jambo jingine, na hupimwa kwa njia nyingine.

Sasa sampuli. Usikojoe ukiwa na nguo za shambani au za karakana, na usitoke moja kwa moja kwenye kibarua. Oga, badilisha nguo, nawa mikono kwa sabuni, kwa sababu vumbi kidogo la kidoleni linatosha kuharibu kipimo chote. Chupa iwe ile iliyotoka maabara, iliyooshwa kwa asidi. Ya jamu haifai. Usiguse ndani ya kifuniko.

Kisha kuna suala la maji. Mkojo wa aliyekunywa vikombe vitano ni kama chai iliyoongezwa maji: majani ni yaleyale, rangi imepauka. Kwa hiyo maabara hupima pia kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwa kasi inayokaribia kuwa sawa kila siku, na kugawanya nayo. Tuseme mtu mmoja ana mikrogramu 20 za zebaki kwa lita, na kreatinini gramu 2 kwa lita. Mwingine ana 10, na kreatinini nusu gramu. Wa kwanza anaonekana mgonjwa zaidi, lakini ukigawanya anabaki na 10 kwa kila gramu ya kreatinini, na wa pili anafika 20. Karatasi ya majibu isiyo na kreatinini irudishe.

Mtu akikupa dawa ya kuvuta metali kwanza, kisha akuambie ukojoe ili "sumu ionekane", kataa. Dawa hizo humtoa metali kila mtu, mzima na mgonjwa, na hakuna kiwango cha kawaida cha kulinganisha nacho. Zinaweza pia kuua: mwaka 2005 huko Pennsylvania, Marekani, mtoto wa miaka 5 alifariki baada ya kutiwa mshipani moja ya dawa hizo, EDTA, kalisi yake ikashuka hadi moyo ukasimama.

Zebaki ikikutwa juu kweli, hatua ya kwanza ni kuitupa krimu au kuacha kuchoma dhahabu, kisha kurudia kipimo baada ya miezi miwili, ambapo namba inatakiwa iwe imeshuka karibu nusu. Isiposhuka, chanzo bado kimo nyumbani. Na kama ni krimu, wapimwe watoto pia, maana hushika kwenye taulo na shuka, nao hulala na mama.