Umeme wa Jua Unapopungua Nyumbani: Sababu Zake na Namna ya Kuzitambua

Mkoa wa Tabora hupata jua la kutosha, hasa kati ya Mei na Oktoba, mawingu yanapokuwa machache. Hata hivyo, si ajabu kumkuta mwanachama ambaye taa zake huzimika kabla ya watoto kumaliza masomo ya jioni. Mara nyingi hukata shauri kuwa paneli imekufa, naye hutumia fedha za mavuno kununua nyingine. Hasara hiyo yaweza kuepukwa iwapo mtambo utachunguzwa kwa utaratibu, kuanzia paani hadi kwenye betri.

Jambo la kwanza ni kivuli. Miembe iliyopandwa kando ya njia ya misafara, iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ni neema kwa mpita njia lakini ni adui wa paneli. Seli za paneli zimeungwa kwa mfuatano, na mkondo mmoja wa umeme hupita katika zote. Kama vile msafara usivyoweza kumwacha mpagazi aliyechoka, ndivyo seli chache zilizofunikwa na tawi zinavyozizuia nyingine. Paneli itazamwe saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri, kwa kuwa kivuli huhama.

Jambo la pili ni uchafu na mwelekeo. Vumbi la kiangazi na masizi ya mabani ya tumbaku huzuia mwanga. Kioo kioshwe asubuhi na mapema, kabla hakijapata moto, kwa maji na kitambaa laini, bila mchanga. Tabora iko karibu digrii 5 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo paneli ielekezwe kaskazini, na iinamishwe digrii 10 hadi 15 ili mvua iisafishe.

Jambo la tatu ni nyaya. Waya mwembamba hupoteza umeme njiani. Mkondo wa ampea 6 ukisafiri mita 10 katika waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, hupotea karibu volti 1.5 katika kwenda na kurudi. Waya wa milimita za mraba 4 hupoteza karibu nusu volti tu. Viungo vilivyolegea au kushika kutu navyo vikazwe na kusafishwa.

Jambo la nne ni betri. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa, ikipumzishwa saa chache, huonyesha volti 12.6 au zaidi. Ikishuka chini ya 12, imekamuliwa mno. Yenye vifuniko iongezwe maji ya betri, kamwe si asidi. Ikumbukwe kuwa betri hufa upesi isipojazwa siku hadi siku. Anayenunua betri mpya bila kuondoa kivuli ataizika nayo.

Hatimaye, fundi apime paneli yenyewe saa sita mchana, ikiwa imetenganishwa na mtambo. Asitosheke na volti, maana hata paneli chafu huweza kuonyesha volti 20. Apime pia ampea: paneli ya wati 50 iliyo nzima hutoa karibu ampea 3 jua likiwa kali. Ikiwa ni safi, haina kivuli, na bado inatoa kidogo sana, hapo ndipo pesa ya paneli mpya itolewe.