Kisiwa Chenye Mpaka wa Pengwini

Watu wengi hudhani kwamba bandari ni lazima iwe na gati, makuli na shehena. Port Lockroy, iliyo magharibi mwa Rasi ya Antaktiki, haina lolote kati ya hayo. Meli hutia nanga majini, na abiria huletwa kwa mashua za mpira hadi Goudier, kisiwa cha mawe ambacho ukubwa wake ni kama wa uwanja wa kandanda. Hapo pana majengo machache ya mbao, posta, na mamia ya pengwini wa aina ya gentoo.

Jina la bandari lilitolewa na msafiri Mfaransa, Jean-Baptiste Charcot, mwaka 1904. Waingereza walijenga kituo chao mwaka 1944, vita vikiwa bado vinaendelea, wakakihama mwaka 1962. Mwaka 1996 kilikarabatiwa, kikawa makumbusho.

Mgeni hulakiwa na harufu kabla hajalakiwa na mtu! Kisha huona kokoto. Kwa pengwini hawa, kokoto ni mali: ndizo zinazojenga kiota, na jirani hunyemelea kuziiba mwenyewe akigeuka. Mayai huwa mawili, nao wazazi huyaatamia kwa zamu kwa siku zipatazo 35. Juu yao huzunguka skua, ndege mkubwa wa rangi ya kahawia, akingojea kiota kiachwe wazi.

Lakini kwa mwalimu wa sayansi, kilicho bora kisiwani ni mpaka. Sehemu moja wageni huruhusiwa kutembelea; nyingine ni marufuku kwao. Viota, mayai na makinda huhesabiwa pande zote mbili, ili ijulikane kama macho ya watalii yanawadhuru ndege. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 hayakuonyesha tofauti kubwa katika kuzaliana kwao.

Je, basi mpaka uondolewe? La, hasha. Aliyepimwa pale ni mgeni mwenye adabu: aliyesafisha viatu, akaja katika kundi dogo, akasimama mita 5 mbali na ndege. Hatujui lolote kutokana na kipimo hicho kuhusu mgeni asiye na adabu. Tena bila upande usiokanyagwa hapangekuwa na cha kulinganishwa. Wala utulivu wa pengwini si idhini; mwenye kuatamia hana budi kutulia, kwani akiinuka, skua yupo.

Kila kiangazi cha kusini watu wachache huishi hapo bila maji ya bomba, wakigonga mihuri kwenye postikadi na kuhesabu viota. Mwaka 2022 maelfu waliomba kazi hiyo. Wanawake wanne wakachaguliwa. 

Pengwini wenyewe hawautambui mpaka. Huvuka wapendavyo, hupita mlangoni pa makumbusho, na kanuni ni kwamba mtu ndiye anayesimama kuwapisha.