Ufukweni inanguruma, ziwani haivuti

Injini ya boti ikikataa kabisa kuwaka, mwenye boti hana maswali mengi. Safari inaahirishwa na fundi anaitwa. Inayosumbua watu ni ile inayowaka mara moja, ikanguruma vizuri ufukweni, kisha ikishabebeshwa watu, nyavu na barafu inavuta dakika chache tu na nguvu zinaporomoka. Ukipunguza moto inapata nafuu, ukiongeza inalegea tena. Ikipandishwa nchi kavu na kuwashwa mbele ya fundi, haionyeshi ugonjwa wowote.

Kwa watu wa Galula na vijiji vya jirani, tatizo hili halina mzaha. Galula iko kando ya Mto Songwe, kwenye barabara itokayo Mbalizi kwenda Mkwajuni hadi Makongolosi. Songwe huu si ule wa mpakani na Malawi unaoingia Ziwa Nyasa. Huu wa Galula unateremka kaskazini na kumwaga maji yake Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutokea, lenye maji ya magadi, kina kifupi na tope jingi linaloletwa na mito. Upepo ukivuma juu ya maji mafupi kiasi hicho, mawimbi huinuka haraka. Boti iliyojaa ikipoteza nguvu katikati ya hali hiyo, nahodha hana tena uwezo wa kuelekeza omo kwenye wimbi.

Kwa miaka mingi mashine zilizotawala maziwa yetu ni zile za mipigo miwili zenye kabureta. Fundi mwenye spana ya plagi, bisibisi na brashi aliweza kuifungua moja chini ya mwembe na kuirudisha ziwani jioni. Lakini kuanzia miaka ya 1990, kwa kubanwa na sheria za moshi za Marekani na Ulaya, watengenezaji walihamia kwenye injini za mipigo minne ambazo mafuta yake hunyunyizwa na nozeli zinazoongozwa na kompyuta. Injini hizo zinakula mafuta kidogo, hazitoi moshi mwingi na zinawaka kwa urahisi. Zinaingia kwetu pia, mpya na zilizotumika, na zimekuja na tabia ambayo fundi wa kabureta hakuizoea: nyingi ya hitilafu zake hazionekani mpaka mashine ibebe mzigo.

Sababu yake ni ya hesabu. Injini ya nguvu farasi 40 ikinguruma bila mzigo hutumia kama lita moja ya petroli kwa saa, pengine zaidi kidogo. Ikifunguliwa moto wote na boti imejaa, hutaka takriban lita 15 kwa saa. Chujio lililoziba nusu linapitisha lita moja bila shida, ila lita 15 haliwezi. Ndiyo maana mashine iliyochemshwa ufukweni saa nzima ikaonekana nzima, haijathibitisha lolote. Kipimo cha kweli hufanyika majini, boti ikiwa na uzito, karibu na nchi kavu, watu wawili wakiwa wamevaa maboya: mmoja ashike usukani, mwingine aangalie na kugusa.

Mahali pa kuanzia ni mafuta, tena kwa kufuata njia yake kuanzia kwenye tangi. Petroli hutoka kwenye tangi au dumu, hupita kwenye mpira, kibofu cha kupampu kwa mkono, chujio la kutenganisha maji, na pampu ndogo ya injini. Hapo huingia kwenye kitangi kidogo kilichofichwa chini ya kifuniko cha mashine. Ndani ya kitangi hicho kuna boya na pampu ya umeme inayosukuma mafuta kwenye nozeli kwa msukumo mkubwa, karibu kilopaskali 300 kwa injini nyingi. Kitangi kikiwa kimejaa, mashine huondoka kwa kishindo. Kikikaushwa haraka kuliko kinavyojazwa, nguvu hukatika baada ya dakika moja au mbili. Ukipunguza moto, kitangi kinajaa upya na mashine inafufuka. Dalili hiyo peke yake inakuelekeza upande wa mafuta kabla hujagusa kitu kingine.

Sasa mtu wa pili ashike kile kibofu cha mpira wakati nguvu zinashuka. Akikikuta kimenywea na kubonyea, kuna kizuizi nyuma yake, kwenye tangi au kwenye mpira. Mara nyingi kosa ni dogo kuliko hofu: kitundu cha hewa cha mfuniko kimefungwa, kwa hiyo tangi linajinyonga lenyewe, au mpira wa zamani umeoza kwa ndani na ngozi yake inajikunja mafuta yakivutwa kwa nguvu. Akikipampu na mashine ikarudisha nguvu papo hapo, pampu ndogo ya injini au njia inayoielekea imechoka. Akikikuta kigumu, kimejaa, na mashine bado haivuti, hitilafu iko mbele zaidi: chujio la ndani, pampu ya umeme au nozeli. Kipande kifupi cha mpira mwangavu kikiunganishwa kwa muda kitaonyesha mapovu, na mapovu ni ishara kwamba hewa inanyonywa kwenye klampu iliyolegea. Kuna jaribio jingine lisilo na gharama: azima tangi safi lenye mpira wake, jaza petroli unayoiamini, ukimbie nayo. Mashine ikipona, umeokoa pesa ya pampu mpya.

Petroli yenyewe ichunguzwe. Mafuta mengi ya vijijini husafiri kwenye madumu, hufunguliwa vumbini na kupimwa kwa chupa. Mimina kiasi kwenye chupa nyeupe ya kioo, iache itulie. Maji hushuka chini na kuonekana kama kitone kinachotembea ukiinamisha chupa, na mchanga hukaa kwenye kitako. Tone la petroli halisi likidondoshwa kwenye karatasi safi hukauka karibu bila kuacha alama, ilhali lililochanganywa na dizeli au mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Uchakachuaji huo ulikuwa mkubwa nchini kiasi kwamba EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuchanganya. Petroli yenye mafuta ya taa huweza kuendesha mashine isiyo na mzigo. Ukiibana, inagonga na kukosa nguvu.

Kuna kosa jingine la mazoea. Boti mbili za ndugu zinatumia dumu moja, na dumu hilo lina petroli iliyochanganywa oili kwa ajili ya mashine ya mipigo miwili. Injini ya mipigo minne ina oili yake chini, haihitaji ile ya kuchanganywa. Ikilishwa mchanganyiko huo kila siku, plagi zinaota masizi na moto unadhoofika. Dumu la kila mashine liandikwe kwa rangi.

Mafuta yakiwa safi na yanafika, geukia ulinzi wa mashine yenyewe. Kompyuta ikigundua joto limezidi au msukumo wa oili umeshuka, hupunguza mizunguko kwa makusudi ili injini isiungue, nyingi zikishushwa hadi kati ya 2,000 na 3,000 kwa dakika. Tofauti yake na njaa ya mafuta inasikika. Mashine yenye njaa inayumba, inapanda na kushuka. Iliyojifunga inabaki pale pale kwa utulivu, na mara nyingi king'ora kinalia au taa inawaka. Tazama maji yanayoruka nyuma ya injini. Yakiwa membamba au ya moto sana, impela ya kusukuma maji ya kupoza imelika. Katika ziwa la tope kama Rukwa, mchanga husaga mpira wa impela haraka, na chumvi za magadi huganda kwenye njia za maji. Kukata waya wa king'ora ili mashine ikimbie ni kununua kifo cha injini kwa mkopo.

Umeme nao una tabia yake. Petroli na hewa vikigandamizwa kwa nguvu, cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka kwenye plagi. Koili yenye ufa inaweza kuwasha vizuri mashine isiyo na mzigo, kisha ikakosa kazi mzigo unapoongezeka, ndipo injini inamisi. Mafundi wengi wamezoea kung'oa waya wa plagi injini ikiwaka ili kujua silinda ipi imekufa. Kwenye injini ya kompyuta acha kabisa. Volti ile hutafuta njia nyingine, na njia hiyo yaweza kuwa kompyuta yenyewe au mkono wa fundi. Zima, toa plagi zote, zipange kwa mfuatano wa silinda na uzilinganishe rangi. Kisha pima betri mashine ikiwa kwenye kasi ya kati: ikionyesha chini ya volti 13, chunguza chaji na vituo vya nyaya. Pampu ya umeme ikipata volti pungufu husukuma mafuta pungufu, na kosa la waya wa ardhini uliooza linafanana kabisa na pampu mbovu.

Usiisahau propela. Mizunguko ikipanda juu huku boti haiongezi kasi, kitovu cha mpira ndani ya propela kimeanza kuteleza. Piga mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye kitovu hadi kwenye sehemu ya nje, ukimbize boti, kisha tazama kama vipande viwili vya mstari huo vimeachana. Mizunguko ikigoma kufika 5,000 ilhali mafuta, moto na joto vyote viko sawa, propela ni nzito kupita uwezo wa mashine au boti imepakiwa kupita kiasi. Hapa mwinuko unahusika. Uso wa Rukwa uko takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 hupunguza nguvu ya injini kwa karibu asilimia 10. Kompyuta hurekebisha kiasi cha mafuta, lakini haiwezi kutengeneza hewa ambayo haipo. Propela iliyofaa Dar es Salaam yaweza kuwa nzito Rukwa. Kagua pia uzi wa nyavu uliojiviringisha nyuma ya propela, maana hukata sili na kuingiza maji kwenye giabox.

Baada ya hapo ndipo mashine ya kusoma kompyuta inapokuwa na thamani. Itakuambia sensa ipi imetoa taarifa isiyoeleweka, joto lilifika wapi na injini imekimbia saa ngapi. Haitakuambia kwamba chujio limejaa tope, kwa sababu chujio halina waya. Fundi anayesoma namba ya kosa na kuagiza kipuri bila kupima msukumo wa mafuta kwa geji anabahatisha tu, ila kwa gharama kubwa zaidi ya yule wa kabureta. Na geji hiyo ifungwe baada ya msukumo kutolewa na injini kupoa. Petroli yenye msukumo ule ikirukia chuma cha moto ni hatari.

Kwa mwenye fedha za kununua mashine leo, swali la kwanza liwe hili: chujio, impela na plagi zake vinapatikana Mbeya au Tunduma, au lazima viagizwe Dar es Salaam? Nguvu farasi bila vipuri hazimfikishi mtu ng'ambo. Halmashauri na taasisi zinazokopesha wavuvi boti za kisasa zingeweka kwenye mkopo huo huo chujio la kutenganisha maji, geji moja ya msukumo kwa kikundi na mafunzo ya siku chache ya fundi wa kijiji. VETA inafundisha mafundi wa magari, na injini hizi ni ndugu wa karibu.

Wewe mwenye boti, usilipie pampu, koili wala kompyuta kabla fundi hajakuonyesha, boti ikiwa majini na imebeba mzigo, kipimo kinachothibitisha kwamba kifaa hicho ndicho kibovu. Asiyeweza kukuonyesha, mshukuru na utafute mwingine.