Pumzi Inayokatika Usiku

Mtu akilala, miguu yake hupumzika, mikono hupumzika, macho hufungwa. Lakini pumzi haipumziki. Usiku kucha kifua hupanda na kushuka, mwenyewe asijue.

Walakini wako watu ambao pumzi yao hukatika wakilala. Hukatika kidogo, hurudi, kisha hukatika tena. Huo ni ugonjwa. Waganga wa hospitali huuita apnea ya usingizi. Huwashika watoto wachanga, watoto wa shule, watu wazima na wazee, lakini hauwashiki wote kwa namna moja.

Njia ya hewa

Hewa huingia puani, hupita kooni, hushuka hata mapafuni. Sehemu ya koo iliyo nyuma ya ulimi haina mfupa wa kuishika wazi. Ni nyama tupu. Mchana nyama hizo hukaza, na njia hubaki wazi. Usiku hulegea. Njia ikiwa nyembamba, nyama hutetemeka hewa ikipita: ndiyo sauti ya kukoroma.

Njia ikizibika kabisa, sauti hunyamaza ghafula. Kifua hujaribu kuvuta hewa, lakini hewa haiingii. Sekunde 10 zapita, pengine 20, pengine 30. Hewa njema yapungua katika damu. Ndipo ubongo hushtuka na kumwamsha mtu kidogo. Koo lafunguka, naye avuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyeibuka majini. Halafu alala tena, na mambo yaanza upya. Kwa mgonjwa sana hutokea mara 30 na zaidi katika saa moja. Asubuhi hakumbuki neno. Anajua tu kwamba amechoka.

Si kila mtu anayekoroma ana ugonjwa huu. Anayekoroma, akanyamaza, kisha akashtuka kama aliyekabwa, huyo apelekwe kwa mganga.

Mtoto mchanga

Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia ana ubongo usiokomaa bado. Koo lake laweza kuwa wazi, lakini ubongo wasahau kukiamuru kifua kivute hewa. Mwuguzi humgusa mguu taratibu, naye huanza kupumua tena. Waganga humpa pia dawa iitwayo kafeini. Ni kitu kile kile kilichomo katika kahawa inayolimwa Kivu, nacho huuchangamsha ubongo. Lakini mama asimnyweshe mtoto kahawa ya kikombe! Dawa hupimwa na mganga, tone kwa tone. Mtoto akiendelea kukua, kwa kawaida ugonjwa humwacha.

Mtoto wa shule

Nyuma ya kinywa, kuume na kushoto, mna nyama mbili za mviringo ziitwazo mafindofindo. Nyuma ya pua mna nyama nyingine ya namna hiyo. Kwa watoto wa miaka 2 hata 8 nyama hizo ni kubwa zikilinganishwa na nafasi iliyopo. Zikivimba mno, huziba njia.

Mtoto wa namna hiyo hulala kinywa wazi, shingo ameinyosha nyuma. Hukoroma karibu kila usiku, hutoka jasho, pengine hukojoa kitandani ingawa amekwisha kuacha tabia hiyo. Mchana mwingine husinzia darasani. Mwingine hasinzii hata kidogo: huchezacheza, hugombana, hawezi kusikiliza. Wote wawili wana shida moja, yaani usiku hawakulala vema.

Zamani watoto hao walihesabiwa kuwa wajinga. Mwaka wa 1889 mganga mmoja wa Uingereza, William Hill, aliandika kwamba baadhi ya watoto walioachwa nyuma shuleni hawakuwa wajinga. Walikuwa na pua na koo zilizozibika. Siku hizi waganga huyakata mafindofindo hayo, na watoto wengi hupona. Mtoto aliyekuwa wa mwisho huweza kuanza kufuata masomo pamoja na wenzake.

Mtu mzima

Kwa mtu mzima, mara nyingi unene ndio huleta shida. Mafuta hukaa shingoni na kuibana njia ya hewa. Lakini watu wembamba pia hupatwa, kama taya lao ni dogo au koo lao ni jembamba. Wanaume hupatwa kuliko wanawake, ila mama waliopita umri wa kuzaa hupatwa pia sana.

Usiku moyo wa mgonjwa hufanya kazi kubwa mno. Baada ya miaka damu yake hupanda, na moyo huweza kuharibika. Mchana hatari ni nyingine. Dereva wa kamio mwenye ugonjwa huu aweza kusinzia usukani mkononi. Macho yakifungwa kwa sekunde chache tu, gari laacha njia, na watu wafa.

Kwa muda mrefu waganga hawakujua sababu. Mwaka wa 1965, waganga wa Marseille katika Ufaransa, na wengine katika Ujerumani, walipima pumzi za wagonjwa walipokuwa wamelala. Wakaona kwamba pumzi ilikuwa ikikatika, na ya kwamba usingizi wa mchana ulitokana na usiku uliovunjwa-vunjwa.

Mwaka wa 1981 mganga wa Australia, Colin Sullivan, alitangaza dawa mpya. Haikuwa ya kumeza, ilikuwa mashine. Ulitazame gurudumu la baiskeli. Mpira usio na hewa hulala bapa. Ukijazwa hewa, hufunguka na kukaa wazi. Basi, mashine hiyo husukuma hewa puani kwa mpira mrefu na kifuniko, nayo hewa hulishika koo wazi usiku kucha. Haiondoi ugonjwa. Mtu akiiacha, pumzi hukatika tena. Tena yataka umeme, na bei yake ni kubwa. Kwa hiyo mahali pengi haipatikani.

Lakini yako mambo yasiyotaka mashine. Mnene apunguze unene. Mtu asinywe pombe jioni, maana pombe huzilegeza nyama za koo. Asivute tumbako. Alale ubavu, asilale chali. Wengine hushona mpira mdogo mgongoni mwa shati la kulalia, ili wakigeuka chali mpira uwasumbue, nao warudi ubavu.

Mzee

Wazee wengi wana ugonjwa huu, maana nyama za koo hulegea zaidi kwa miaka. Mzee mwenye moyo dhaifu aweza kupatwa pia na ugonjwa wa namna ya mtoto mchanga: koo li wazi, lakini amri ya ubongo yachelewa.

Mzee huyo huamka mara nyingi usiku kwenda kukojoa. Mchana husinzia kitini na kusahau maneno. Watu wa nyumbani husema, “Ni uzee tu.” Pengine si uzee tu. Haifai kumpa dawa ya usingizi bila shauri la mganga, kwa sababu dawa nyingine za usingizi huifanya pumzi kuwa dhaifu zaidi.

Si uvivu, si uchawi

Katika Kongo anayesinzia mchana aweza kuwa na ugonjwa mwingine pia. Malale, inayoletwa na nzi aitwaye mbung'o, iliua watu wengi sana katika nchi hii. Kwa hiyo mganga huanza kwa kupima damu, kisha huuliza habari za usiku.

Hapo mgonjwa mwenyewe hana jibu, kwa kuwa alikuwa amelala. Anayejua ni yule anayelala karibu naye: mke, mume, ndugu, mjukuu. Mjukuu anayelala chumba kimoja na babu yake aweza kusikia kukoroma kunakokatika, akahesabu taratibu mpaka pumzi irudi. Asicheke, wala asinyamaze. Amwambie baba au mama. Neno hilo moja la mtoto laweza kumsaidia mganga kuujua ugonjwa.

Na mwenzake anaposinzia darasani, asimwite mvivu. Kumpiga mtoto huyo hakumponyi, maana fimbo haifungui koo. Hakurogwa, wala hakukataa kujifunza. Anapigania pumzi yake kila usiku, wenzake wakiwa wamelala.

Maulizo

1. Kwa nini mtu hukoroma?
2. Pumzi ya mtoto mchanga hukatika kwa sababu gani? Na ya mtoto wa shule?
3. Mashine ya hewa inafananaje na mpira wa baiskeli?
4. Taja mambo manne anayoweza kuyafanya mgonjwa asiye na mashine.
5. Kwa nini mganga humwuliza yule anayelala karibu na mgonjwa?