Mama, Je, Bidhaa Yako Imo Katika Ramani?

Pita katika mtaa wowote unaojengwa siku hizi, iwe ni pembezoni mwa Dar es Salaam au Arusha, Nakuru au Kisumu, utaona kando ya barabara kazi za akina mama. Huyu anafyatua matofali na vitofali vya kutandika uani. Yule ana duka la marumaru na rangi. Mwingine ana karakana ya milango na ameajiri mafundi watatu. Mwingine tena anaotesha nyasi na maua ya kupamba nyumba mpya. Wengi wameanza kwa fedha za upatu au mkopo wa kikundi, na ada za watoto zinategemea mauzo ya mwezi. Kutwa wanayatazama magari yanayopita, wakitumaini moja litasimama.

Lakini je, umewahi kujiuliza kwa nini shule au zahanati inajengwa hatua chache tu kutoka kwenye karakana yako, na bado malori yanaleta vifaa kutoka mbali, yakipita mlangoni pako? Mara nyingi si kwamba mwenye jengo anakudharau. Ni kwamba uamuzi ulikwisha kufanyika miezi mingi iliyopita, ofisini, mezani kwa mtu ambaye hujawahi kumwona. Mtu huyo ni msanifu majengo, ambaye Tanzania huitwa pia mbunifu majengo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya vifaa vya ujenzi, methali hii ina ukweli, lakini haijamaliza maneno yote. Kizuri ambacho msanifu hakijui hakiwezi kuandikwa katika ramani. Na kibaya kinachojitembeza kwa maneno matamu kinaweza kuua watu. Hebu tuyatazame yote mawili.

Kalamu hununua kabla ya fedha

Wengi wetu tunamjua msanifu kama "mchora ramani". Ni kweli huchora, lakini kazi yake haiishii kwenye mistari. Pamoja na michoro, huandaa maelezo ya vifaa: sakafu ya jikoni iwe ya marumaru isiyoteleza, mlango wa mbele uwe wa mbao gani na unene gani, vitofali vya uani viwe na uwezo wa kubeba gari la uzito gani. Maelezo hayo humfikia mkadiriaji majenzi, naye huyageuza kuwa orodha yenye idadi na bei. Wakandarasi hushindania kazi kwa kutumia orodha hiyo hiyo. Atakayeshinda hununua kile kilichoandikwa.

Wakati mwingine msanifu hutaja bidhaa kwa jina na kuongeza maneno "au inayolingana nayo". Katika kazi za serikali kwa kawaida hatakiwi kutaja jina la kampuni moja, bali aeleze ubora unaohitajika. Kwa vyovyote vile, ikiwa ubora wa bidhaa yako haujapimwa, nani atathubutu kusema kwamba inalingana na nyingine?

Kwa hiyo mama anayekwenda kwenye eneo la ujenzi wakati kuta zimekwisha kusimama, amechelewa. Wakati wa kuonekana ni pale msanifu bado anachora na moyo wake haujaamua.

Mtu anayetia sahihi

Ili umuuzie mtu, fahamu kwanza anachokiogopa. Msanifu hanunui kwa fedha zake, wala hatalala katika nyumba hiyo. Lakini jina lake liko chini ya kila mchoro. Kwa Tanzania, anasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Kwa Kenya, ipo bodi ya namna hiyo chini ya Sheria Sura ya 525. Jengo likivuja, marumaru yakipasuka, au mtu akiumia, ataulizwa: kwa nini uliandika kifaa hiki? Akikosa jibu, kazi yake na usajili wake vimo hatarini.

Ndiyo maana maneno kama "bidhaa yetu ni bora kuliko zote" hayamsaidii. Anataka kujua tofali linabeba uzito kiasi gani kabla ya kuvunjika. Linanyonya maji kiasi gani? Likishika moto, itakuwaje? Je, ukiletwa mzigo wa pili baada ya miezi sita, rangi itakuwa ileile? Nani amekwisha kulitumia, na tunaweza kwenda kuliona likiwa na umri wa miaka mitatu?

Mwenye kujibu maswali haya kwa karatasi na mfano mkononi anampa msanifu kitu adimu: jibu atakalolitoa siku atakapoulizwa.

Maabara katika ua wa mama

Tuna mfano mzuri hapa kwetu Afrika Mashariki. Nzambi Matee wa Nairobi aliacha kazi yake ya kuchambua takwimu mwaka 2017, akaanzisha maabara ndogo katika ua wa nyumba ya mama yake. Alitaka kutengeneza vitofali vya kutandika njia kwa kuchanganya mchanga na taka za plastiki. Majirani walilalamikia kelele za mashine, naye akawasihi wamvumilie mwaka mmoja mpaka apate vipimo sahihi vya mchanganyiko.

Alijaribu na kukosea mara nyingi, akagundua kwamba plastiki nyingine hushikamana vizuri na nyingine hazishikamani. Alipopata nafasi ya masomo ya ujasiriamali Marekani, alipakia sampuli za vitofali katika mizigo yake, akavipima zaidi katika maabara za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Kampuni yake, Gjenge Makers, ilijulikana, na mwaka 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira likamtunukia tuzo yake ya vijana.

Angalia mpangilio wake, dada yangu. Kabla dunia haijamsifu, alikwisha kuvipima, akarudi kuvipima tena. Si wote tutakaokwenda Marekani, wala hakuna haja. Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, na lile la Kenya (KEBS), lililoanzishwa mwaka 1974, yana kazi hiyo ya kupima na kuthibitisha ubora. Vyuo vya uhandisi navyo vina maabara za kupasulia matofali ya saruji. Kwa desturi ya kazi hiyo, nguvu ya saruji hupimwa siku ya 28 baada ya kumwagwa. Kipimo cha maji ni rahisi zaidi kukielewa: tofali hupimwa uzito likiwa kavu, huloweshwa saa 24, kisha hupimwa tena. Tofauti ndiyo maji liliyokunywa.

Usiku wa tarehe 14 Juni

Sasa tutoke kidogo Afrika Mashariki, maana hasara ya kumdanganya msanifu na wajenzi imeonekana wazi zaidi mjini London, Uingereza.

Huko lilikuwapo jengo la makazi la ghorofa 24 liitwalo Grenfell Tower, ambamo familia nyingi za kipato cha kawaida, wakiwemo wahamiaji kutoka Afrika, ziliishi. Lilikarabatiwa, kazi ikaisha mwaka 2016. Kwa nje lilifunikwa paneli mpya, na nyuma yake vikawekwa vifaa vya kuzuia baridi. Jengo likapendeza. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, moto ulianza katika jokofu la jikoni, ghorofa ya nne. Ulitoka dirishani, ukashika zile paneli, ukapanda hadi juu. Watu 72 walikufa, wakiwemo watoto.

Tume ya uchunguzi ilitoa ripoti yake ya mwisho tarehe 4 Septemba 2024. Ilieleza kwamba waliotengeneza na kuuza paneli na vifaa vile walikosa uaminifu kwa makusudi na kwa muda mrefu: walichezea taratibu za majaribio ya moto, wakapotosha matokeo na kuwadanganya wanunuzi. Wasanifu wa ukarabati ule nao walilaumiwa vikali, kwa kuwa hawakuhakikisha usalama wa vifaa walivyovikubali. Muuzaji alificha, na aliyetakiwa kuuliza hakuuliza vya kutosha.

Baada ya msiba huo, sekta ya ujenzi ya Uingereza ilitoa mwaka 2021 kanuni za maadili ya kutangaza bidhaa za ujenzi. Zinataka habari za bidhaa ziwe wazi, sahihi, zisizopitwa na wakati, rahisi kupatikana na zisizo na utata. Mambo matano tu. Hata mama mwenye mashine moja ya kufyatulia anaweza kuyafuata, naye akayabandika ukutani mwa karakana yake.

Namna ya kubisha hodi

Ikiwa unataka bidhaa yako iingie katika ramani, zingatia haya:

1. Andaa sampuli safi. Tofali moja zima, kipande cha mlango chenye bawaba, au vigae vitatu vya rangi tofauti. Andika nyuma jina lako, simu, vipimo na tarehe ya kutengenezwa. Sampuli isiyo na maandishi hubaki kona ya ofisi, na mwaka ukiisha hakuna anayejua ni ya nani.

2. Andika karatasi moja au mbili, si kitabu. Taabu hii ni ya siku nyingi. Huko New York, mwaka 1906 ilitolewa katalogi iitwayo Sweet's, kwa sababu ofisi za wasanifu zilikuwa zimefurika vitabu vya matangazo vya kila umbo, na kukipata kinachotakiwa ilikuwa shida. Msanifu hahitaji maneno mengi zaidi. Anahitaji ukubwa, uzito, nguvu, matokeo ya vipimo na jina la aliyepima, namna ya kufunga, na namna ya kutunza.

3. Omba miadi. Usivamie ofisi asubuhi ya Jumatatu. Omba dakika 30, pengine wakati wa chakula cha mchana, uwafundishe wasanifu vijana jinsi kifaa chako kinavyotengenezwa na makosa ambayo mafundi hufanya wakati wa kukifunga. Anayefundisha vizuri hukumbukwa kuliko anayesifu.

4. Taja mipaka ya bidhaa yako. Sema wazi, "Vitofali hivi ni vya njia ya miguu na gari dogo, si vya lori." Usidhani utapoteza mteja. Msanifu akiona umesema lisilokufaidi, atayaamini na mengine.

5. Ahidi kile unachokiweza. Piga hesabu. Kitofali cha sentimita 20 kwa 10 huhitajika 50 kwa kila mita moja ya mraba. Ua wa mita 60 za mraba ni vitofali 3,000. Ikiwa kikundi chenu kinafyatua 150 kwa siku, hizo ni siku 20 za kazi, na bado vya mwisho vinahitaji muda wa kumwagiwa maji na kukomaa. Ukiahidi wiki mbili, utavipeleka vibichi, au utakimbilia kununua kwa jirani visivyolingana na sampuli. Ungane na kikundi kingine chenye kipimo kilekile, au omba muda wa kutosha.

6. Usitoe bahasha. Wapo watakaokushauri kwamba bila "asante" ya siri hupati kitu. Msanifu anawajibika kumtumikia mwenye jengo. Akikuandika kwa sababu ya bahasha, kesho mwenye bahasha nene zaidi atakufuta. Na gharama ya bahasha utaitoa wapi, kama si katika saruji?

Na ukiwa wewe ndiye unayejenga

Huenda huuzi chochote, lakini wewe na baba watoto mmeanza kujenga kidogo kidogo. Mambo haya yanakuhusu pia. Usiache mazungumzo na msanifu yawe ya mzee peke yake. Wewe ndiye unayejua kwamba mtoto hukimbia bafuni na miguu yenye maji, na kwamba jiko lina moto saa nyingi za siku.

Muulize kwa heshima: "Kwa nini umechagua kifaa hiki? Kimepimwa na nani? Kikishika moto itakuwaje? Je, kipo cha hapa jirani kinacholingana nacho?" Msanifu mwema hatakasirika. Na mkandarasi akitaka kubadilisha kifaa katikati ya ujenzi kwa kusema "hiki ni kilekile, bei tu ndiyo tofauti", mwambie asubiri kwanza msanifu akione na akubali kwa maandishi.

Kwa wewe mwenye karakana, wiki hii chagua bidhaa moja tu, ile unayoiamini zaidi. Ipeleke ikapimwe. Matokeo yakiwa mabaya, rekebisha mchanganyiko kabla hujauza tena. Yakiwa mazuri, yaandike, yafunge pamoja na sampuli, kisha tafuta ofisi ya msanifu iliyo karibu nawe ukaombe miadi.