Ni Nani Aliyeila Saa ya Vyama?

Mwaka mmoja, mtihani wa kidato cha nne ulipomalizika, naibu wa mwalimu mkuu aliniletea furushi la vyeti vya kumaliza shule nivijaze. Ilikuwa shule ya mji mdogo katika kaunti ya Taita-Taveta, mahali ambapo malori ya barabara ya Mombasa hupunguza mwendo ili madereva wanunue matunda na kuendelea na safari. Katika cheti hicho mlikuwa na nafasi ya masomo, nafasi ya tabia, na chini yake mistari miwili ya kueleza mwanafunzi alishiriki katika vyama gani. Nilimwita msichana mmoja aliyekuwa bado anasubiri gari la kwenda kwao, nikamwuliza nimwandikie nini. Akatabasamu kwa haya.

"Mwalimu, niandikie chama chochote tu."

Nikaandika kwamba alikuwa mwanachama mwenye bidii wa chama cha mijadala. Chama hicho hakikuwa kimekutana kwa mihula minne. Mlezi wake nilikuwa mimi.

Nayakiri haya, ndugu msomaji, kwa sababu sidhani kwamba ni mimi peke yangu niliyewahi kutia saini uongo wa aina hiyo. Katika shule nyingi za miji midogo, ukutani mwa ofisi ya walimu pametundikwa orodha ndefu ya vyama: Skauti, uigizaji, Kiswahili, sayansi, wanyamapori, muziki, Msalaba Mwekundu. Kila chama kina mlezi, mwenyekiti na siku yake ya kukutana. Orodha hiyo hupigwa chapa upya kila Januari, na mkaguzi akizuru huonyeshwa, naye akaridhika. Walakini ukienda kwenye darasa lililotajwa, siku na saa iliyotajwa, utamkuta mwalimu wa hisabati amesimama ubaoni akimalizia sura ya vekta.

Jambo la kusikitisha ni kwamba saa hiyo si hisani ya mwalimu mkuu. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 ziliweka bayana kwamba masomo ya darasani yaanze saa mbili asubuhi na kukoma saa tisa unusu alasiri, na kwamba muda wa kuanzia hapo hadi saa kumi na dakika arobaini na tano uwe wa shughuli za nje ya darasa. Ni saa moja na robo kila siku ya juma, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Basi anayeingia darasani na chaki wakati huo, hata akiwa na nia safi kama maziwa, anachukua kitu ambacho mwanafunzi amepewa kisheria.

Nisieleweke vibaya. Sina nia ya kuwalaumu walimu wenzangu kana kwamba wao ndio chanzo. Mwalimu mkuu wa shule ya mji mdogo hulala akiota wastani wa alama. Matokeo yakishuka, wazazi huwahamisha watoto, karo hupungua, bodi huitisha mkutano, na yeye mwenyewe hutazamia barua ya uhamisho. Shule kubwa yenye jina inaweza kumudu kushuka kidogo na bado ikajaza mabweni yake. Ile ndogo haiwezi. Kwa hiyo hukata palipo laini, na palipo laini ni saa tisa unusu.

Lakini hebu nieleze kinachokatwa.

Kabla ya chama cha mijadala kufa mikononi mwangu, nilikuwa nimekaa miaka mitatu na chama cha wanyamapori. Vyama vya namna hii vilianza nchini mwishoni mwa miaka ya 1960, na kwa muda mrefu watu wamevidhania kuwa ni vya kupanda miti na kwenda kutazama simba kwa basi. Kwetu, mbuga ya Tsavo Mashariki ikiwa jirani, hapakuwa na haja ya basi. Ndovu walikuja wenyewe. Walikuja mahindi yalipokaribia kukomaa, na asubuhi yake nusu ya wanachama walifika shuleni wakiwa hawajalala, maana usiku kucha walikuwa wakigonga debe shambani pamoja na baba zao.

Palikuwa na mvulana mmoja wa kidato cha tatu ambaye sitamtaja jina. Darasani alikuwa wa mkiani, naye alikwisha kujizoeza kuketi nyuma karibu na dirisha. Siku moja chama kilijadili kama ni haki kumlinda ndovu kuliko kumlinda mkulima. Kijana yule, ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake katika somo lolote, alisimama akazungumza karibu robo saa. Alieleza ndovu hupita wapi, hurudi saa ngapi, ua upi humzuia na upi humchekesha. Kisha akauliza swali ambalo mimi mlezi sikuweza kulijibu: mtu akiharibiwa shamba, anamwendea nani?

Tulilazimika kuitafuta sheria. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliunda kamati za kaunti za kupokea madai ya fidia, ikaweka shilingi milioni tano kwa aliyeuawa na mnyama, na ikatambua pia hasara ya mazao na mifugo. Ilikuwa katika Kiingereza kizito cha mawakili. Wanachama wakaigawana vipande, wakavifasiri kwa Kiswahili, na kijana yule, ambaye sasa tulikuwa tumemchagua katibu, akavinakili katika daftari la kumbukumbu kwa mwandiko wa kupinda lakini unaosomeka. Daftari hilo lilizunguka vijijini muhula mzima. Wazee waliliazima. Sisemi kwamba walilipwa; malipo ya namna hiyo yamejulikana kwa kuchelewa miaka na miaka. Nasema kwamba kwa mara ya kwanza walijua jina la mlango wa kubisha.

Katika mtihani wake wa mwisho kijana huyo alipata D. Chama hakikumgeuza kuwa daktari. Ila alitoka shuleni akijua kuandika kumbukumbu za mkutano, kumkatiza mzee kwa heshima, na kudai ajibiwe. Sijui ni somo gani katika ratiba lingempa hayo matatu.

Yamkini ndiyo sababu vyama hutiliwa shaka pale vinapofanya kazi kweli. Tamasha za kitaifa za drama, ambazo zilianza mwaka 1959, zimetupa ushahidi mara mbili kutoka shule moja. Mwaka 2013 tamthilia ya wasichana wa Butere ilipigwa marufuku hadi Mahakama Kuu ilipoamuru iigizwe. Mwaka 2025 wasichana wa shule hiyo hiyo walifika Nakuru na tamthilia nyingine iliyohitaji amri ya mahakama, polisi wakarusha vitoa machozi, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa kisha wakaondoka bila kuigiza. Kuna waliosema kwamba mwandishi wake, Cleophas Malala, alikuwa mwanasiasa, na kwamba watoto walitumiwa. Hoja hiyo ina uzito wake, na mimi binafsi sipendezwi na desturi ya shule tajiri kukodi waandishi na waelekezi huku mwanafunzi akibaki kasuku. Hata hivyo, kuingia, kuimba na kutoka hakukuwa katika maandishi ya mtu yeyote.

Shule yetu, kwa kulinganisha, haikuwahi kupita kiwango cha kaunti. Nauli ilitushinda, seuze mavazi.

Sasa mtaala umebadilika. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 10 waliingia shule za upili ya juu, na miongoni mwa mikondo mitatu waliyowekewa upo ule wa sanaa na michezo. Wengi wameshangilia. Mimi nashangilia kwa jicho moja. Nahofia kwamba mwalimu mkuu atasema: wa kuigiza wako kwenye mkondo wao, hawa wengine wa sayansi tuwape saa tisa unusu yao kwa fizikia. Kijana wangu wa ndovu hakuwa msanii wala mwanamichezo. Alihitaji chama tu.

Ningependekeza jambo moja lisilogharimu hata senti. Mkaguzi akija, asionyeshwe orodha ya ukutani. Aitishe daftari la kumbukumbu la kila chama, asome tarehe, na asome waliohudhuria walibishania nini. Na cheti cha kumaliza shule kijazwe kutoka daftari hilo, si kutoka kichwa cha mwalimu mwenye huruma.

Mwaka uliofuata nilipoletewa furushi la vyeti, mistari ile miwili niliiacha wazi kwa kila mwanafunzi wa darasa langu. Naibu aliyarudisha mezani pangu jioni ile ile, akiniuliza kama nimeishiwa na wino.